Mabamba Mawili ya Barafu Kutoka Tabaka

Dada yangu Bosibori alifundisha jiografia hapa Nyansiongo hadi kisukari kilipomnyima macho. Muhula huu mwalimu mkuu alikubali afundishe kipindi kimoja, siku ya Ijumaa, ndipo aamue kama atamrudisha kazini. Bosibori akachagua mada ngumu: mabamba makubwa ya barafu yalivyofanya dunia ilipopata joto zamani, kabla ya viwanda na magari. Alihitaji kitu cha kushika mkononi, wanafunzi nao wakishike. Nikaagiza kwa simu, kwa mchongaji wa Tabaka, mabamba mawili ya jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchongea, na Alhamisi, baada ya kukamua ng'ombe, niliwasha pikipiki kwenda kuyachukua.

Keroka ilikuwa bado katika ukungu. Kutoka hapo hadi mjini Kisii barabara inapita kati ya mashamba ya chai na migomba, na mjini nilinunua kipande cha godoro cha kufungia mzigo. Baada ya Suneka jua lilitoka.

Tabaka utaitambua kwa vumbi. Migomba iliyo karibu na machimbo ni myeupe kana kwamba imenyunyiziwa unga. Mchongaji, Ombati, alikuwa amekaa uani, na mkewe Kwamboka akisugua bakuli kwa msasa ndani ya beseni la maji.

Ombati alifungua gunia. Kila bamba lilikuwa na sehemu mbili: mwamba chini, barafu juu kama kifuniko. Jiwe lilikuwa jeupe lenye mshipa wa waridi, na kingo zake laini kuliko nilivyotarajia. Nikainua vifuniko vyote viwili.

"Yanafanana," nilisema.

"Kama mapacha. Wanunuzi wa ng'ambo hawataki jozi yenye kasoro."

Hapo nilielewa. Tabaka huchonga vitu viwili viwili: ndovu wawili, twiga wawili, sawasawa kabisa. Mimi niliagiza viwili bila kueleza kwamba tofauti yake ndiyo somo lenyewe.

Nikakaa kwenye jiwe nikaeleza. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita, njia ya dunia kuzunguka jua ilibadilika kidogo na joto likapanda. Barafu ya Grinlandi imekalia zaidi nchi kavu. Ilipungua, hasa kwa kuyeyuka juu na kingoni, lakini sehemu kubwa ilibaki. Ile ya magharibi ya Antaktika imekalia mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, na maji yenye joto huweza kuipenya kwa chini. Wanasayansi wengi wanadhani ilipungua sana, ingawa bado wanabishana ni kiasi gani. Bahari ilipanda mita kadhaa kupita ilipo leo.

"Kwa hiyo joto ni moja," Kwamboka alisema, "lakini hii inaliwa juu, ile inaliwa chini."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umemchongea mwalimu mapacha," alimwambia mumewe.

"Aliyeagiza alikuwa wapi?"

"Alikuwa anakamua ng'ombe," nilisema.

Ombati hakucheka. Alichukua mwamba wa pili, akaugonga kwa ukucha. "Nikichimba zaidi unaweza kutoboka, na sina jiwe lingine lililokauka vizuri. Mwalimu anasimama lini?"

"Kesho."

Akaumwagia maji, akaanza kukwaruza kwa ncha ya kisu, akisimama kila mara kugonga tena na kusikiliza. Alipomaliza, mwamba ulikuwa umebonyea katikati, umekuwa mwembamba lakini mzima, na chini ya barafu, kuanzia ukingoni, palikuwa na upenyo wa kidole. Sijaona mikono mitulivu kuliko ile.

Kurudi, mvua ilinipata Keroka. Niliendesha polepole na kufika na mzigo salama.

Ijumaa niliketi nyuma ya darasa, karibu na mwalimu mkuu. Bosibori alipitisha mabamba dawati kwa dawati, akiwataka wanafunzi wafumbe macho.

"Mwalimu, hapa kidole kinaingia," msichana mmoja alisema.

"Hapo ndipo bahari inapoingia. Sasa tafuta pa kuingilia kwenye lile lingine."

Akatafuta kwa muda. "Hapana."

"Basi waambie wenzako kwa nini."

Akawaambia, bila kukosea.

Nilichojifunza katika safari hii ni hiki: kabla ya kuuliza joto lilikuwa kiasi gani, uliza barafu ilikuwa imekalia nini.

Kengele ilipolia, mwalimu mkuu alisimama. "Mwalimu Bosibori, Jumatatu kidato cha pili pia watakungoja."

Dada yangu alikuwa akipangusa jiwe kwa kitambaa. "Waambie waje wamenawa mikono," alisema.