Mto Usio na Samaki

Mimi nimezaliwa kando ya Ziwa Jipe, kwa watu wanaokula samaki na wasiomwomba mtu radhi kwa hilo. Nikaolewa Akheri, kwenye miteremko ya Meru, enzi za Mwingereza, katika ukoo ulioamini kwamba samaki ni nyoka tu aliyekosa adabu ya kukaa nchi kavu. Siku niliyothubutu kupika samaki mkavu niliyeletewa na kaka yangu, mama mkwe alikibeba chungu kizima akakivunjilia mbali nyuma ya migomba. Chungu kilikuwa changu. Niliwadharau kwa ajili ya hilo, na sioni sababu ya kuficha.

Upande wa juu wa nyumba yetu ulipita mto mdogo, na kutoka mto huo wazee walikuwa wamechimba mfereji ulionywesha migomba na kahawa yetu. Bila mfereji ule tusingekuwa na cha kula. Mtoni walikuwemo samaki wadogo wa urefu wa kidole, wenye ndevu. Mwaka nilioolewa niliwaona kule chini kivukoni, mpakani na shamba la mzungu mmoja. Kisha mzungu huyo akafyeka miti yote ya miringaringa ya kingo mbili ili apande kahawa hadi majini, kana kwamba mto ulikuwa unamzibia njia. Jua likawa linapiga maji kutwa. Nikishuka kufua, miguu ilikuta uvuguvugu kama wa maji ya kumwogeshea mtoto. Samaki hawakungoja kuambiwa. Msimu baada ya msimu walipanda mto wakifuata kivuli, mpaka wakafika kwetu, kwenye mdomo wa mfereji, ambako miti ilikuwa bado imesimama. Kule chini hakubaki hata mmoja.

Ndipo akaja Bwana Samaki. Jina tulimpa sisi. Alikuwa mzungu wa serikali, mwenye soksi ndefu na kofia pana, aliyetumwa kumwaga mitoni samaki wa kwao waitwao trauti, ili wenzake wapate kuwavua Jumapili na, kama nilivyosikia, kuwarudisha majini. Mtu mzima na akili zake amevuka bahari kwa kazi hiyo. Aliwaita wazee pale mdomoni mwa mfereji akawauliza, "Mto huu una samaki? Kama wapo wa kwenu, mimi nitakwenda mto mwingine."

Samaki walikuwa wakipita chini ya pua yake. Angeinama angewaona.

Baba mkwe, ambaye ndiye aliyewasemea wazee, alikunja uso kama mtu aliyetukaniwa mama. "Bwana, maji haya tunayanywa. Unatuona sisi ni watu wa kunywa maji yenye nyoka?"

Nilikuwa pale na ndoo yangu. "Samaki wapo, baba," nikasema.

"Huyu katoka kwa wala samaki," akamweleza mgeni. "Akiona maji anaona kitoweo."

Wazee wakacheka, na Bwana Samaki akacheka nao. Kwa hilo walielewana vizuri sana.

Trauti wakamwagwa, tena kule chini kwenye jua, karibu na nyumba ya mwenye shamba, ili wavuvi wa Jumapili wasichoke kutembea. Kiangazi kilipofika wengi walielea matumbo juu. Waliosalia wakapanda mto kutafuta baridi, wakaja kwetu, na Bwana Samaki akapanda nyuma yao. Aliutazama mfereji wetu, akasema unapunguza maji ya mto, na maji yakipungua yanapata joto, na joto samaki wake hawaliwezi. Akaamuru ufungwe. Juu ya miringaringa iliyofyekwa hakutamka neno.

Baba mkwe alivaa koti la kanisani akamfuata Bwana Samaki kwa yule mzungu mwenye shamba. Nilikwenda naye kumbebea mkungu wa ndizi, maana bado aliamini kwamba zawadi ingesaidia.

"Bwana," alisema, "hata sisi tuna samaki wetu mle. Wako mferejini. Ukiufunga watakufa."

"Samaki gani?" Bwana Samaki akauliza. "Mliniambia wenyewe hakuna."

Ndizi alizipokea.

Mfereji ulipofungwa, migomba ikaanza kulegeza majani. Nilimkuta baba mkwe amesimama kwenye tope, mbele ya kidimbwi cha mwisho, na wale samaki wadogo wakitapatapa ndani yake. Alikuwa ameinama anawatazama, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwatazama.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "hawa wanaitwaje?"

Jina la kwetu lilikuwa mdomoni. Nikakumbuka na vigae vya chungu changu nyuma ya migomba.

"Hao ni nyoka, baba," nikamjibu, nikachukua ndoo yangu nikaenda kutafuta maji kwingine.