Hapa Hatuulizi Jina

Wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali ina vitanda ishirini na vinne, na mtu wa kukupa habari za vitanda hivyo kimoja kimoja ni mkunga mmoja wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, ambaye wenzake humwita Mizani. Walimwita hivyo kwa sababu akishampokea mtoto mchanga mikononi hukutajia uzito wake kabla hajapimwa, na ni mara chache akosee. Kitanda namba tatu kinapiga kelele ukijigeuza. Namba kumi na moja mguu wake umefungwa kwa bandeji. Namba ishirini kiko chini ya feni, ndicho kinachogombaniwa na wote, na feni yenyewe haijazunguka tangu mwaka juzi. Hivyo ndivyo vitanda. Wanawake sasa: siku ya kawaida hawapungui arobaini. Wanalala mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kichwa kule, kila mmoja na nyayo za mwenzake puani. Ambao njia haijafunguka vya kutosha huambiwa wakatembee uani. "Tembea mama, tembea, ukichoka endelea," ndiyo dawa pekee isiyowahi kuisha pale.

Ng'ambo ya barabara, si zaidi ya hatua mia mbili, iko hospitali binafsi. Vyumba vinane vya kujifungulia, kila kimoja na kitanda chake, pazia la kijani na kiti cha mgeni. Siku nyingi vyumba vitano huwa vitupu, shuka zimenyooshwa, zinangoja watu wenye bima. Lakini tusidanganyane, mapazia hayazalishi. Daktari wao wa upasuaji ni mmoja, naye wanamgawana na hospitali nyingine mbili, na damu hawaweki. Mambo yakienda vizuri, unazaa ukiwa umetulia tuli. Yakienda mrama, wananyanyua simu na kupiga ng'ambo, kule kwenye vitanda vinavyopiga kelele.

Simu hiyo ipo mezani kwa Mizani, na juu yake, ukutani, pamebandikwa kipande cha boksi chenye maandishi ya kalamu nyeusi: HAPA HATUULIZI JINA. Aliandika yeye mwenyewe, miaka tisa sasa. Chanzo chake ni muuguzi mmoja aliyepokea simu akatajiwa mke wa mkubwa fulani, naye kwa kimbelembele chake akamteremsha mama mwingine kitandani ili mke wa mkubwa apate pa kulala. Yule mama aliyeteremshwa alijifungulia sakafuni, mlangoni, peke yake, na mtoto akagonga kichwa. Mizani ndiye aliyemwokota. Kilo mbili na nusu. Mizani hakupiga kelele wala hakugombana na mtu. Alichukua boksi la glovu, akalichana, akaandika.

Tangu siku hiyo anayepiga simu anatakiwa kusema mambo manne tu: mimba ya ngapi, njia imefunguka sentimita ngapi, mapigo ya mtoto yakoje, na damu inatoka au haitoki. Jina likitajwa, simu inakatwa. Wakubwa walinuna, wakazoea. Utaratibu ukasifiwa, Mizani akaitwa kwenye semina kuwafundisha wengine, mpaka zahanati za pembeni zikaufuata. Mwenyewe hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa hilo boksi, nisimsingizie, alijiona.

Kati ya aliowafundisha alikuwamo binti mmoja muuguzi aliyeitwa Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Akikuchoma sindano anakusimulia harusi ya binamu yake. Baadaye Kasuku alipata kazi ng'ambo ya barabara, akahamia kwenye mapazia ya kijani, lakini akiona Mizani anapita hakosi kutoka getini kumwamkia.

Sasa, Mizani ana mtoto mmoja tu, binti, mshonaji wa sare za shule. Binti huyu aliposhika mimba yake ya kwanza alisema, "Mama, si nije nizalie kwako tu?"

"Kwangu wapi? Ulale na miguu ya mtu usoni?"

"Ila wewe si utakuwepo?"

"Nitakuwepo na wengine hamsini. Mumeo ana bima ya kazini, nenda ng'ambo ukalale kama mtu. Nikitoka zamu nitavuka barabara, nitakukuta umeshamaliza."

Binti hakupenda, ila hakubisha. Mama yake alikwenda mwenyewe kumchagulia chumba, akabonyeza godoro kwa ngumi, akafungua bomba akaona maji yanatoka. Kasuku akamwapia kwamba mtoto wa sista atatunzwa kama yai. Mizani alirudi nyumbani siku hiyo akiwa ameridhika. Miaka ishirini na saba ya kuzalisha watoto wa watu, wa kwake akazalie kwenye chumba chenye pazia, kuna ubaya gani?

Ilikuwa Jumanne. Wodi ilikuwa na wanawake hamsini na mmoja. Chumba cha upasuaji ni kimoja, na ndani alikuwamo mama wa mapacha; nje ya mlango, kwenye machela, walikuwa wawili wanaosubiri zamu, mmoja wao tayari midomo imeshaanza kupauka. Simu za mkononi za wauguzi zilikuwa zimefungiwa kabatini, kwani huo nao ulikuwa utaratibu. Saa tano na dakika kumi asubuhi simu ya mezani ikalia.

"Wodi ya wazazi."

"Shikamoo sista. Kutoka ng'ambo." Alikuwa Kasuku. "Mimba ya kwanza, wiki thelathini na nane. Sentimita nane tangu saa mbili, haisogei. Mapigo ya mtoto yanashuka, sasa hivi ni tisini na tano. Damu hakuna."

"Daktari wenu?"

"Yuko kwenye upasuaji huko kwingine. Hawezi kutoka."

Mizani aligeuka kuangalia ubao. Akaangalia machela mbili mlangoni. Hesabu hiyo alikuwa ameshaifanya mara elfu, haikumchukua muda.

"Kumejaa," alisema. "Chumba cha upasuaji kina watu wawili foleni. Mpelekeni hospitali ya misheni, nitawapigia wajiandae. Mlazeni ubavu wa kushoto, mumpe oksijeni, na muuguzi aende naye."

Upande wa pili pakawa kimya. Kasuku, yule asiyenyamaza hata akiwa anakula, alinyamaza.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia sista."

Aliweka simu chini, akainyanyua tena, akawapigia misheni kama alivyoahidi. Halafu akasogea dirishani kufungua kioo, joto lilikuwa limezidi, akaliona gari jeupe la wagonjwa likitoka kwenye lile geti, likakata kushoto, likapandisha kuelekea misheni na taa zake zinawaka. Alisema moyoni: afadhali, wamefanya haraka. Akarudi kazini. Kama ilimpitia akilini kwamba mimba ya kwanza, wiki thelathini na nane, ng'ambo ya barabara, inaweza kuwa ya nani? Haikumpitia. Wodini pekee siku hiyo walikuwapo kumi na mmoja wenye mimba ya kwanza. Sasa hivi anajiuliza hilo kila siku, na jibu halibadiliki: haikumpitia.

Saa nane alikabidhi zamu. Waliojifungua kumi na wanne, wa upasuaji watatu, rufaa zilizokataliwa mbili. Akafungua kabati. Mkwewe alikuwa amempigia simu mara kumi na tisa. Ujumbe ulikuwa mmoja: "Mama tuko misheni. Yeye mzima. Mtoto hapana."

Alisoma akiwa amesimama. Akavua sare, akaikunja mara mbili kama siku zote, akaiweka kwenye mfuko. Mwenzake akamuuliza kama anarudi nyumbani, akajibu kwamba anapitia misheni mara moja.

Kule alimkuta mkwewe kwenye benchi, na Kasuku amesimama mbali kidogo, bado amevaa glovu mkono mmoja. Kasuku ndiye aliyemsogelea.

"Shemeji hapa aliniambia nikutajie jina, sista. Alinisihi. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikaogopa ungekata simu. Ulitufundisha wewe."

"Nilikufundisha mimi," Mizani akasema. Hakuwa akimlaumu. Alikuwa akikubali tu, kama mtu anayethibitisha namba ya kitanda.

Mkunga wa misheni akamletea mtoto, amefunikwa shuka nyeupe. Wa kiume. Mizani akampokea kwa mikono miwili, na mikono ile, kwa mazoea yake, ikapima. "Kilo tatu na nusu, kasoro kidogo," akasema.

"Tatu nukta nne," mkunga akajibu.

Alingoja machozi, hayakuja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Unajua ni wako, unaugusa, hauusikii. Akamrudisha mtoto, akaingia kwa binti yake. Akapima homa kwa kiganja, akaangalia dripu, akafunua shuka kutazama kidonda cha upasuaji. Kidonda kilikuwa kizuri. Walimshona vizuri.

Alipewa likizo ya siku saba. Watu walikuja, wakakaa, wakasema kazi ya Mungu, wakaondoka. Siku ya nane alirudi kazini. Mtu fulani, kwa huruma, alikuwa amebandua lile boksi ukutani na kulificha droo ya chini. Mizani akalitafuta, akalikuta, akalibandika palepale. Siku hiyo simu ililia mara sita. Alisema kumejaa mara nne, na kweli kulikuwa kumejaa. Ukimtazama ungesema hana neno. Anakula, anaoga, anapanda kitandani saa tatu. Uji wa sukari na uji usio na sukari kwake ulikuwa mamoja.

Kuhusu wale wawili wa kwenye machela, ili usije ukaniuliza: wote walipona, na watoto wao. Yule mwenye midomo iliyopauka alizaa wa kike. Mizani alilifuata faili lake akalisoma, siku moja, bila kumwambia mtu. Alitaka kujua. Alipojua akaona halimsaidii kitu.

Wiki ya tatu, siku yake ya mapumziko, alimpelekea binti yake supu. Mkwe alikuwa kazini. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na vipande vya sare za watu vilivyokatwa kabla ya uzazi vilikuwa bado juu ya kiti. Binti alikaa kitandani na bakuli magotini, anakoroga, hanywi. Tangu misheni walikuwa hawajazungumza la maana. Umekula? Nimekula. Kidonda? Kinakauka.

"Mama," binti akasema, hakuinua macho. "Nataka kukuuliza kitu, na usinijibu kama sista."

"Uliza."

"Kasuku angesema ni mimi. Ungemjibu nini?"

Mizani alikuwa na jibu la semina. Alilijua kwa moyo: foleni ni foleni, wawili walikuwa mbele, haki haina ndugu. Alikuwa amelitoa mbele ya watu mia, wakampigia makofi. Akafungua mdomo alitoe. Akamtazama mtoto wake, nywele hazijachanwa, blauzi imelowa kifuani kwa maziwa ambayo hayana wa kuyanywa.

Hakuweza kumdanganya. Lile, angalau, hakuliweza.

"Ningemwambia alete," akasema. "Ningetoa mtu kwenye machela, nikuingize wewe."

Binti akaitikia kwa kichwa, polepole. Hakulia wala hakupandisha sauti. Akanywa kijiko kimoja cha supu, cha kwanza tangu bakuli liwekwe, akakirudisha.

"Kwa hiyo nafasi ilikuwepo," akasema.

Mizani akachukua vile vipande vya sare kwenye kiti, akaanza kuvikunja, kimoja juu ya kingine, mpaka vikaisha.