Nusu ya Dawa Yangu Ilikuwa Udaga

Bado naisikia: chwa! Kama panga likiingia kwenye mgomba. Si kishindo, wala si mlio wa jembe kugonga jiwe. Ni sauti laini, ya kitu chenye maji. Tulikuwa shamba la kijiji, wanawake tumejipanga mstari tunalimia maharage, na macho yangu yalikuwa kwenye trekta. Mama mmoja jirani yangu wa mstari akainua jembe, akalishusha, likaingia kwenye muundi wa mguu wangu wa kushoto. Mimi nikacheka. Kweli, nikacheka, nikidhani amekata mzizi. Kisha nikaona kandambili yangu inajaa damu.

Jina langu ni Domitila. Nilimaliza darasa la saba, basi, sikuendelea. Kijiji chetu cha Ujamaa kiko upande wa Kirushya, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama watoto wa shule wakati wa gwaride. Kwetu tulikuwa tunagawana kila kitu. Chumvi ikija dukani inagawanywa kwa kila nyumba, sabuni inakatwa vipande kwa uzi, mafuta ya taa yanapimwa kwa kikombe. Mimi nilikuwa nayapenda maisha hayo. Na nilikuwa na ndoto yangu moja: kuendesha trekta. Lilikuwa likiletwa kutoka wilayani msimu wa kulima, na dereva wake, mtu wa Biharamulo mwenye maneno mengi, alikuwa akinitania kila mwaka.

"Domitila, miguu yako mifupi kama ya bata. Klachi utaikanyaga na nini?"

"Itanyooka, mjomba. Wewe usiniuzie tu kiti changu."

Klachi iko mguu wa kushoto. Kumbukeni hilo, maana huo ndio mguu uliokatwa na jembe.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi na dada yangu Generoza. Dada alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu, lakini shemeji alikuwa amechukuliwa pamoja na mgambo wengine kwenda vitani kaskazini, kwa hiyo dada alishinda kwetu. Huyu dada ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Ndiye aliyenisuka nywele. Nikiumwa kichwa namwambia yeye kabla ya mama. Nawaambia haya ili mjue nilikuwa namwamini kiasi gani.

Jeraha tuliliosha kwa maji ya chumvi, tukalifunga kitambaa. Juma lililofuata mguu ukavimba, ngozi ikanyooka na kung'aa kama bilauri. Nikishusha mguu chini nasikia moyo unapiga ndani ya muundi, du, du, du. Usiku natetemeka, mchana nawaka. Halafu kidonda kikafunguka chenyewe, usaha ukatoka, wa njano uliochanganyika na kijani, wenye harufu ya panya aliyekufa darini. Kuku walikuwa wananifuata. Nacheka sasa, lakini siku zile nililia nikiwafukuza kwa fimbo.

Zahanati ilikuwa haina kitu. Vita vilikuwa vimekwisha kumeza magari, mafuta na dawa, na watu wengi waliambulia aspirini. Mimi nikabahatika. Mganga akafungua kabati akatoa kapsuli za rangi mbili, nyekundu na nyeusi.

"Hizi ni za mwisho nilizo nazo," akasema. "Uzinywe zote, kwa saa zake. Hata ukipata nafuu, usiache mpaka ziishe. Umesikia?"

"Nimesikia."

Dada, aliyekuwa amenisindikiza, akazichukua. "Nitazitunza mimi, mganga. Huyu kazi yake ni kuota ndoto, atazisahau."

Akaziweka kwenye kopo la maziwa juu ya kichaga cha vyombo. Kila wakati wa dawa ukifika ananiletea kapsuli na maji, ananishika kichwa kwa nyuma, anasema, "Meza, trekta linakusubiri." Mama alikuwa akichungulia kopo na kuona zinapungua vizuri, akishukuru Mungu.

Nikapata nafuu kidogo, homa ikashuka. Kisha homa ikarudi, na safari hii ilirudi na hasira.

Kabla ya hapo, nilipokuwa ndio kwanza nimeanza dawa, shemeji alikuja kwa ruhusa fupi. Kijiji kizima kilimpokea kwa vigelegele. Alikuwa amekonda, hacheki, na mara kwa mara alikuwa akienda nyuma ya nyumba na kurudi amekunja uso. Nilimwambia, "Shikamoo shemeji, vita vimekuchosha." Akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikaa siku chache, akarudi jeshini.

Siku moja kapsuli ikanipasukia mdomoni kabla sijameza. Nikaonja unga wake, nikaangua kicheko.

"Dada! Kumbe wazungu wanatengeneza dawa kwa udaga!"

Mnajua udaga, muhogo uliovundikwa ukakaushwa, una harufu yake, huwezi kuukosea. Dada naye akacheka. Alicheka sana, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Meza wewe, mchokozi. Unataka na mboga?"

Nikameza. Tukacheka wote wawili. Kicheko hicho ndicho kinachoniuma kuliko jembe.

Mguu ukaharibika. Tundu likawa mawili, na siku moja nikiwa naosha kidonda likatoka kipande cheupe kama ganda la konokono. Mama alipokiona akaketi chini. Kilikuwa mfupa wangu. Mwenyekiti wa kijiji akatuombea nafasi kwenye lori lililobeba maharage, nikalazwa juu ya magunia, dada pembeni yangu amenishika mkono, tukaenda hospitali ya misheni huko Biharamulo.

Pale nikamkuta daktari mmoja mama, Mtanzania mwenzetu, mfupi, anayeongea polepole. Alikuwa akifanya utafiti wa vidonda vinavyokataa dawa. Akaniuliza dawa niliyotumia, nikamwambia.

"Uliinywa yote?"

"Yote, daktari. Dada yangu ni shahidi."

Dada akainama akafunga kitenge chake upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

Daktari akachukua usaha kwa pamba, akaupaka kwenye kisahani chenye kitu kama uji ulioganda, akapanga juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali, akakifungia kwenye sanduku la joto. Alinieleza kila hatua, kana kwamba nami nilikuwa msomi. "Wadudu wataota humu. Karatasi yenye dawa wanayoiogopa, watakaa mbali nayo. Wasiyoiogopa, watakuja mpaka ukingoni."

"Na wasipoogopa hata moja?"

Hakunificha. "Tutaukata mguu juu ya goti, ili wewe ubaki."

Wakati tukisubiri, muuguzi alinipa kapsuli za rangi zilezile. Mimi, kwa mazoea ya utundu, nikaitafuna moja. Jamani! Uchungu ulishika ulimi, ukapanda puani, nikatema kwenye shuka. Muuguzi akanigombeza, "Kapsuli inatafunwa kama karanga?" Mimi simsikii. Nilikuwa namwangalia dada yangu, ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda, ameacha kumenya ndizi.

Muuguzi alipoondoka nikamuuliza, "Dada, zile za nyumbani mbona zilikuwa udaga?"

Akaanza tena kumenya ndizi.

"Dada Generoza."

"Shemeji yako alirudi na ugonjwa," akasema kwa sauti ndogo. "Ugonjwa wa wanaume. Usaha, kama wewe, ila kule. Ameniambukiza na mimi. Zahanati asingekwenda, angechekwa na kijiji kizima, mpiganaji yule. Nilizifungua, nikatoa nusu ya unga kila moja, nikajazia udaga ili mama asione. Nusu yako, nusu yetu. Sikukunyima, Domitila. Niligawa."

"Uligawa?"

"Kwani kwetu hatugawani? Nilidhani nusu itakutosha. Wewe una damu changa."

 Nilikuwa nimeota mambo mengi maishani, mazuri na ya kipuuzi, lakini hili sikuwahi kuliota: mkono ulionishika kichwa nimeze ndio uliokuwa umejaza udaga. Na aliniona ninavyooza. Alikuwa akinibadilishia kitambaa kila asubuhi, akiukamua usaha kwa vidole vyake, huku akijua.

"Usimwambie daktari," akaniomba. "Shemeji yako ataniacha."

"Na mguu wangu je, hautaniacha?"

Daktari alipopita nikamwambia yote, dada akiwa amejifunika uso. Daktari hakumgombeza. Akavuta kiti, akaketi katikati yetu, akaleta kile kisahani. Wadudu wangu walikuwa wameota kama ukungu kwenye ugali uliolala, na walikuwa wamefika mpaka ukingoni mwa karatasi ya dawa ya rangi mbili.

"Nusu dozi inaua wale dhaifu," akasema. "Shupavu wanabaki, wanazaana, wanaizoea dawa. Siwezi kuapa kuwa udaga pekee ndio uliofanya hivi, huenda wengine walikuwa sugu tangu mwanzo. Lakini uliwasaidia sana. Na wewe, mama, bado unaumwa?"

Dada akatikisa kichwa kukubali. Kumbe naye hakupona, wala shemeji hakupona. Wote watatu tulikula dawa moja, hakuna aliyepona.

Karatasi moja tu ilikuwa na duara safi pembeni yake. Ilikuwa dawa ya sindano, jentamisini, adimu sana wakati ule. Daktari aliihangaikia mpaka ikapatikana. Wakanipasua, wakatoa mfupa uliokufa, wakaacha shimo ambalo kidole changu kizima kiliingia. Sindano ziliuma, na kwa ukali wa dawa ile sikio langu la kushoto likaanza kulia kama nyenje. Linalia mpaka leo. Lakini usaha ukapungua, ukawa maji, maji yakakauka, nyama nyekundu ikaanza kupanda kutoka chini. Siku daktari aliponusa kitambaa changu na kusema "hakinuki," nilimkumbatia pamoja na koti lake jeupe.

Nina mguu wangu. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, namshukuru mama aliyeuza mbuzi wake bila kuniambia, na hata muuguzi aliyenigombeza. Msimu huu dereva wa Biharamulo alinipandisha kwenye kiti, nikakanyaga klachi. Iliuma, lakini ilishuka mpaka chini. Akasema, "Bata amekuwa mbuni," na mimi nikaamini.

Ninyi mnaosoma haya, nawaomba kitu kimoja. Chumvi mkigawana, mboga itakolea kidogo kwa kila nyumba, na hilo ni jambo jema. Dawa haiko hivyo. Aliyeandikiwa ainywe yote, na mgonjwa mwingine naye aende akaandikiwe yake, hata kama ugonjwa ni wa aibu. Aibu ya zahanati ni ya asubuhi moja. Msifungue kapsuli. Msimwage unga wake kwenye kidonda. Na ninyi mnaowatunzia wagonjwa dawa, mtu anayewafumbulia mdomo amewapa kila kitu alicho nacho.

Dada alitibiwa, na shemeji aliporudi kutoka vitani alitibiwa pia. Hakumwacha. Watu wananiuliza, umemsamehe? Kanisani nasema ndiyo. Ameniomba radhi kwa magoti, na ninampenda, nitafanyaje, ni dada yangu.

Siku niliyorudi nyumbani, kidonda kilikuwa kimebaki kidogo tu, cha kuoshwa na kufungwa. Dada alikuja na beseni na kitambaa safi, kama zamani. Nilipokea beseni, nikapokea kitambaa, nikaingia ndani, nikaweka komeo mlangoni. Nilimsikia amesimama pale nje, kisha nikazisikia kandambili zake zikiondoka. Nikaketi chini nikajiosha. Nikafunga kitambaa, fundo likalegea. Nikalifungua, nikalifunga tena mwenyewe.