Gundi Sakafuni kwa Fundi

Kitinda mimba alifungua dirisha la sebule ya mama yake, ambalo siku hizi lilikaa limefungwa, jua likaanguka sakafuni, naye akashika mdomo. Michirizi myeusi ya gundi, mipana kama mkanda wa suruali, ilitoka kitandani hadi chooni, ikatoka chooni hadi jikoni, tawi moja likaishia mlangoni na jingine kwenye cherehani. Humo vilikuwa vimenasa vumbi, nywele na vipande vya uzi wa kila rangi. Na hii ni nyumba ya mwanamke aliyewahi kumrudisha mteja akanawe miguu kwanza ndipo apimwe gauni!

"Mama, hii nini?"

"Gundi ya zulia la zamani. Iache, haiumi mtu."

Mtaa mzima humwita mama huyu Fundi, hata wanawe. Alishona maisha yake yote kwa mguu mtupu, kwa maelezo kwamba kiatu hakijui kanyagio linataka nini. Alipoacha kazi alitoa sababu moja tu: amechoka kutazama nguo za watu. Walicheka, wakaamini. Mdomo wenyewe haukustaafu. Mgeni akiingia humvuta karibu, humpapasa mshono wa bega, kisha huuliza kwa huruma, "Hii alikushonea nani, adui yako?"

Siku hiyo sakafu ilikuwa jambo zito, maana kaka mkubwa alikuwa njiani. Nyumbani huitwa Mwenyekiti, kwa kuwa hata salamu kwake hufunguliwa na kufungwa kama kikao. Alikwisha tangaza kwamba akikuta nyumba imemshinda mama, ataifunga na kumhamishia kwake, ghorofa ya nne. Fundi naye alikwisha jibu kwamba nyumbani mwake atatoka tu akiwa amebebwa. Kitinda mimba alikuwa upande wa mama. Basi jirani alipokuja kumchukua Fundi wakaote jua, wameshikana mikono kama wachumba, binti alikunja sketi akapiga magoti.

Maji ya moto na sabuni yaliondoa vumbi, gundi ikabaki inamtazama. Akaimwagia mafuta ya kupikia, akaiacha ilainike, akaikwangua kwa kisu butu mpaka ikajiviringa kama minyoo. Palipokaidi alipasugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kisha sabuni tena, mara mbili, mtu asije akateleza. Alipomaliza, ungeweza kujitazama humo ukachana nywele.

Mwenyekiti aliingia, akachomoa ufunguo wa nyumba kwenye msumari nyuma ya mlango, akautia mfukoni kabla ya kutazama chochote. Ndipo akatazama. Alikagua sakafu pembe hadi pembe, uso ukamshuka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mama ni msafi, kaka. Ulitaka ukute nini?"

Jirani alimwacha Fundi mlangoni. Fundi akavua ndala, akaweka mguu ndani, akasimama. Akapeleka mguu kushoto. Akaupeleka kulia.

"Nani amehamisha nyumba yangu?"

Wanawe waliangua kicheko. Fundi na utani wake! Akapiga hatua mbili, nyonga ikagonga meza. Akageuka, akanyoosha mkono, akazungumza na pazia:

"Mwanangu, sema kitu nijue uko wapi."

Mwenyekiti alikuwa nyuma yake. Kicheko kilikatika kama uzi.

"Mama," alisema, "hunioni?"

"Nilikuona ukikua. Siku hizi nakusikia."

"Lakini mwezi uliopita uliniambia nimenenepa!"

"Kiti ndicho kilichosema."

Kitinda mimba alikaa chini palepale kwenye unyevu. Alikuwa akija kila wiki. Alikuwa akimwonyesha mama picha za wajukuu kwenye simu, na mama alikuwa akisema, "Huyu kachukua pua ya babu yake."

"Gundi yangu iko wapi?" Fundi aliuliza.

"Nimeitoa. Nilitaka pang'ae."

"Pameng'aa?"

"Sana."

"Hongera. Mimi nimepotea."

Akaeleza kana kwamba anasoma vipimo vya suruali. Macho yalipoanza kuzimika alibandika selotepu pana, ile ya kufungia maboksi. Ikachanika, ikabaki gundi, na gundi ikawa bora zaidi: mguu unanata kidogo, unajua njia. Jirani alijua. Wao hakuwaambia.

"Kwa nini, mama?"

"Mchafu hugombezwa. Kipofu hupakiwa pamoja na mizigo."

Mwenyekiti alijikohoza, dalili ya kufungua kikao. "Sasa ndiyo lazima twende. Kwangu utaangaliwa."

"Kwako nitakuwa kipofu. Hapa nilikuwa mchafu tu."

Ajenda ikaishia hapo. Kitinda mimba alifungua saraka ya cherehani, akatoa selotepu, akampa kaka yake. Mwenyekiti aliitazama. Akakunja suruali yake ya kutokea, akapiga magoti, akabandika kipande cha kwanza. Fundi alikijaribu kwa kidole gumba cha mguu.

"Mshono umepinda. Fumua."

Akafumua. Akanyoosha. Waliendelea hivyo hadi chooni, hadi jikoni, hadi mlangoni na kwenye cherehani, mama akifuata nyuma na kukosoa. Mwisho alitembea peke yake, haraka kama zamani, akafika kwenye cherehani, akaketi, mguu ukakuta kanyagio.

Mwenyekiti alifuta magoti, akaenda mlangoni taratibu, akatoa ufunguo mfukoni. Uligonga msumari.

"Huo ni wa mwavuli," Fundi alisema bila kugeuka. "Wa ufunguo ni ule wa juu yake."