Upepo na Povu huko Gihosha

Twalibu ni mbishi, na mimi namshukuru Mungu kwa ubishi wake.

Kazi yake ni kuchimba visima kwa upepo. Kompresa inasukuma hewa ndani ya bomba, hewa inapandisha vumbi la jiwe, naye anasimama pembeni, ndevu nyeupe pe utadhani muuza unga, akilipokea vumbi kiganjani na kulisugua kwa vidole. Miaka kumi na tisa hiyo!

Ijumaa ile alikuwa nyuma ya kituo chetu cha afya, huku Gihosha, ambako mimi Consolate ni mkunga. Kwetu mama mjamzito alipanda mlima na bidoni ya maji yake ya kuzalia. Kila aliyefika nilimuuliza kwanza amekuja na maji kiasi gani. Nimechoka na hilo swali, jamani, nimechoka. Shimo likiwa kavu, mashine ingehamia mtaa mwingine, nasi basi tena.

Kwenye mita sitini vumbi likakatika. Twalibu akaingiza maji yenye sabuni, ili povu lipandishe jiwe lililosagika. Povu zito likapanda na tope la kijivu. Nikapiga vigelegele. Aibu yangu!

"Hayo maji tumeyatia sisi wenyewe," akasema Gélase, mkuu wao. "Jiwe ni kavu. Mutoe mabomba."

"Apana, shefu. Vumbi lilikatika mbele mi sijatia sabuni. Kuna unyevu, ndio uliligandisha. Sasa hii upepo inasukuma maji inarudi mu jiwe. Tuzime, tungoje."

"We unatafuta tu nafasi ya kwenda musikitini!"

"Na hiyo pia," akajibu Twalibu. Akazima kompresa, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake kusali.

Gélase alifura! Nami, kusema kweli, nilimlaani mzee huyo kimoyomoyo. Saa mbili nzima tulikodolea shimo macho.

Akarudi, akawasha. Kwanza povu. Kisha povu likaisha, na maji yakaendelea kuruka, mengi, ya tope, yakatulowesha wote. Nilimkumbatia mume wa watu hadharani, na sioni haya. Gélase alicheka kama chizi.

Wiki tatu baadaye, pampu ikiwa imeshafungwa, aliingia Spès, mke wa fundi cherehani, amejishika kiuno.

"Dada, unisamehe, uchungu umenikuta njiani. Sikubeba maji."

Nikamwambia alale tu. Nikafungua bomba, nikanawa mpaka viwiko.