Dafroza Aliyeacha Kubisha

Lukresia alikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule moja ya sekondari mjini Bunda, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye funguo nyingi kiunoni na sauti ya kuwainua kitandani hata wasichana waliokusudia kuugua. Kila mwaka alipewa likizo yake, lakini utamu wake hakuwahi kuuonja. Moja ililiwa na msiba wa mumewe huko Butiama, nyingine ikaenda na harusi ya mwanawe Samwel, nyingine ikaishia wodini akimuuguza mkwe. Alirudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka, na walimu wakamuuliza alikuwa amepumzikia hoteli gani, wakidhani wanajua kutania.

Mwaka huu alisema basi. Likizo ya Juni ilikuwa yake peke yake. Yeye na mdogo wake Dafroza walikuwa wameipanga tangu Krismasi: angekwenda kijijini kwao, kule kwenye rasi iliyoingia ziwani nje ya Musoma, akae kwa Dafroza, ale samaki wa kwao, ningu na furu, alale mchana mlango ukiwa wazi na asimwamshe mtu yeyote. Njiani angepita Butiama kumchukua mjukuu wake Jenipher, binti wa Samwel, aliyefikisha miaka saba bila kutia mguu ziwani. Lukresia aliona hiyo ni aibu ya ukoo mzima.

Kisha kipindupindu kikaingia. Gari la matangazo likaanza kuzunguka Bunda, spika yake ikikoroma, likiwataka watu wachemshe maji na waache kusalimiana kwa mikono. Vijiji kadhaa vya mwambao vilitajwa. Kijiji chao hakikutajwa, na Lukresia akalishikilia hilo kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi.

"Mama Samwel, wewe ahirisha tu," alimwambia Wankyo, mpishi mkuu wa shule, huku akikoroga uji. "Ziwa halihamagi. Utalikuta mwakani."

Lukresia alijua anaambiwa kweli, na ndiyo maana alikasirika.

Akampigia Dafroza, simu ikaita bila kupokelewa, akapiga tena siku iliyofuata. Hapa ni lazima mtu amfahamu Dafroza kidogo. Huyo mama alikuwa akibishana na redio. Alibishana na paroko baada ya misa, alibishana na mbuzi wake mwenyewe, na ukimwambia jua limetoka atatoka nje ahakikishe kwanza, kisha akuambie halijatoka vizuri. Simu za dada hao wawili zilikuwa ugomvi mtupu tangu salamu, na wote wawili walizisubiri kwa hamu. Kwa hiyo Lukresia alijiandaa kusikia bwana afya akisemwa, na spika ikisemwa, na yeye mwenyewe akiitwa mwoga.

"Njoo tu, dada," ilisema sauti ya Dafroza. "Huku wote wazima."

"Watu wanasema nisije."

"Sawa, dada."

"Sawa nini? Nije au nisije?"

"Njoo tu. Wote wazima."

"Na mtoto je, nimlete?"

"Vile utakavyoona mwenyewe, dada."

Lukresia aliitoa simu sikioni akaitazama. Jina lilikuwa la Dafroza, na sauti ilikuwa ya Dafroza.

Kesho yake akapiga tena, safari hii kwa kumchokoza makusudi. Alisema anakuja na godoro lake mwenyewe kwa sababu magodoro ya Dafroza yana kunguni. Kwa neno kama hilo Dafroza angeweza kukununia mpaka Pasaka.

"Sawa, dada," ilisema sauti.

Nyuma ya sauti hiyo Lukresia alisikia kitu kingine, jembe likigonga ardhi ngumu, likitulia, likigonga tena. Juni ni wakati wa kuvuna pamba. Hakuna mwenye akili anayelima ardhi ile iliyokauka.

"Nani analima huko?"

"Wanachimba choo. Bwana afya kaagiza kila nyumba iwe na choo."

Jibu lilikuwa zuri, halikuwa na kasoro. "Na Tereza yuko wapi? Nipe nimsalimie." Tereza alikuwa binti pekee wa Dafroza, msichana mkubwa sasa, ambaye Lukresia ndiye aliyempokea siku alipozaliwa.

"Yuko mwaloni, anaanika dagaa."

Siku iliyofuata Tereza alikuwa mwaloni, kule ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki. Jumapili, wakati watu wote wako kanisani, Tereza alikuwa mwaloni. Jioni moja ilipokuwa ikinyesha mvua, mvua ya ajabu ya kiangazi ambayo hata Bunda iliifikia, Lukresia aliuliza tena, na sauti ikasema Tereza yuko mwaloni anaanika dagaa. Nyuma yake jembe liliendelea kugonga. Lukresia akafunga dirisha la chumba chake ingawa upepo haukuwapo.

Alianza kuelewa, au alidhani anaelewa. Kwao mtu anayejiandaa kusafiri kuja nyumbani haambiwi msiba kwa simu. Huambiwa mgonjwa yuko hoi, aje upesi. Na wakihofia kwamba ataanguka njiani, humwambia wote wazima. Lukresia mwenyewe aliwahi kuifanya kazi hiyo. Mama yao alipofariki, Dafroza alikuwa Mwanza, na Lukresia ndiye aliyemwambia kwa simu kwamba mama anakunywa uji vizuri. Dafroza alishuka kwenye gari na machungwa ya mgonjwa mkononi, akawakuta watu wamekaa chini. Hakumlaumu dada yake. Ndivyo inavyofanywa, na wanaofanya hivyo hufanya kwa kupenda.

Basi Tereza amekufa, aliwaza Lukresia. Tereza amekufa kwa kipindupindu, na mama yake anakaa na simu mkononi akisema sawa, dada, sawa, dada, kwa sababu hana tena nguvu ya kubisha.

Sasa likizo ilikuwa imegeuka kitu kingine. Kama ni kweli, hawezi kumwacha mdogo wake peke yake. Kama si kweli, amekesha bure na samaki wanamngoja. Na Jenipher? Alijiambia ataamua njiani, neno ambalo watu hulisema wakiwa wameshaamua vibaya.

Alikwenda Butiama. Samwel alikuwa amemvalisha binti yake gauni la sikukuu, lakini aliushika mkono wa mtoto muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake.

"Mama, una uhakika? Huku tunasikia mambo."

"Mama yako mdogo amesema wote wazima," alijibu Lukresia, na alipojisikia alishtuka. Alilitamka neno hilo vilevile kama lilivyokuwa likitamkwa kwenye simu, bila kupanda wala kushuka. Samwel akauachia mkono wa mtoto.

Musoma kwa mbali ilionekana ya siku zote, lakini haikuwa hivyo hata kidogo. Katika maduka ya mtaa wa Iringo kila mlango ulikuwa na ndoo yenye koki, na mji mzima ulinuka dawa ya kusafishia maji. Wauza miwa na matunda ya kukatakata hawakuwapo. Watu waliofahamiana walisimama mbali wakainuliana vidole, kila mmoja akimtazama mwenzake kama anayemkagua. Kijana aliyekuwa akipakia gari la kwenda kijijini kwao alikuwa akitupia nyuma magunia ya chokaa, moja juu ya jingine, viti vyote vikiwa vitupu.

"Abiria wako wapi?" Lukresia alimuuliza.

"Wewe, mama. Na huyo mtoto." Alijipangusa vumbi jeupe usoni. "Hatuondoki mpaka nimalize kupakia, msiwe na wasiwasi."

Lukresia alimkalisha Jenipher kwenye benchi mbele ya duka, akampa biskuti baada ya kumnawisha mara mbili. Mtoto alitaka kujua kama ziwa lina mwisho. Lukresia alikuwa akiyatazama magunia ya chokaa, ile inayomwagwa vyooni na makaburini, na hofu aliyokuwa ameisukuma pembeni tangu Bunda ilikuwa imerudi ikakaa naye kwenye benchi.

Ndipo akakumbuka upande wa pili wa desturi ile. Anayefichwa ni yule anayekuja. Ukishasema huji, hakuna tena sababu ya kukulinda na barabara, wanakuambia. Alitoa simu. Akakosea kubonyeza mara ya kwanza.

"Dada," ilisema sauti. "Mmefika wapi?"

Jembe lilikuwapo.

"Nimeghairi," alisema Lukresia. "Niko Bunda. Siji, wala mtoto haji. Likizo nimeifuta." Akafumba macho asubiri jina la Tereza.

Jembe liligonga mara kadhaa. Kisha sauti ikashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Umefanya vizuri, mama mkubwa."

Lukresia hakufumbua macho. Katika dunia hii alikuwapo mtu mmoja tu wa kumwita hivyo. Mama na binti walikuwa na sauti moja. Hata shemeji yake, enzi za uhai wake, alikuwa akiwachanganya kwenye simu, akimwomba binti amtengee maji ya kuoga huku akimwita mke wangu, na watu wakicheka.

"Tereza."

"Ni mimi."

"Tangu lini ni wewe?"

"Siku zote, mama mkubwa. Tangu uanze kupiga." Msichana aliongea upesi sasa, kama anayeogopa kukatizwa. "Mama alianza kuharisha alfajiri, jua halijazama akawa ameisha. Watu wa afya wakamzika na manguo yao ya plastiki, hatukuruhusiwa hata kumwosha. Kesho yake ukapiga ukasema, Dafroza, jana mbona hukupokea? Mzee Mugeta wa ukoo alikuwa amekaa hapo na wazee wenzake. Akajiwekea kidole mdomoni ninyamaze. Wanasema dada mkubwa lazima aje aweke udongo wake kaburini, na watu hawaambiagwi kwa simu. Nikasema nilikuwa shambani. Nikajua kesho nitaacha. Kesho ukapiga tena."

"Na hao wanaochimba?"

"Siku ya kwanza walikuwa wanachimba choo kweli," alisema Tereza. "Siku hizi sio choo."

Lukresia alijikuta ameushika mguu wa Jenipher, na mtoto akalalamika kwamba anamuumiza.

"Ukiniuliza Tereza yuko wapi, nilikuwa nataka kusema nipo hapa," sauti iliendelea. "Nikaanza kuogopa. Juzi jirani kaniita jina langu, sikuitika. Kaita mpaka kaondoka. Nilikuwa namsikia tu."

"Mama yako alisema nini? Mwishoni."

"Alisema nikwambie usije. Usilete mtoto. Akasema, najua atabisha."

Huzuni ilimpiga Lukresia sehemu ambayo hakuwa ameilinda. Alikuwa amejiandaa kulia kwa ajili ya binti, si kwa ajili ya mama, na kwa muda hakujua amlilie vipi mtu ambaye amekuwa akiongea naye kila siku. Kisha akasimama. Magunia yalikuwa yamekwisha kupakiwa na kijana alikuwa akimpungia mkono.

"Niko Musoma," alisema. "Nilikudanganya. Gari liko mbele yangu. Nakuja, mwanangu, siwezi kukuacha hapo."

"Mama mkubwa, usije. Nakuomba."

"Nakuja."

"Nakuomba, mama mkubwa."

Lakini kuombwa hakujawahi kumzuia Lukresia. Jenipher alikuwa ameshashuka kwenye benchi, akaufuata mkono wa kijana kuelekea kwenye gari, gauni lake la sikukuu likigusa chokaa iliyomwagika. Lukresia aliona rangi nyeupe ikipanda kwenye pindo. Alijua mtoto huyo anatakiwa arudi Butiama leo hii, na alijua pia kwamba miguu yake mwenyewe haitarudi nyuma kwa maneno ya adabu.

"Tereza," alisema. "Nikataze kama yeye."

"Nani?"

"Unajua nani. Umeweza kumwigiza siku zote hizi kwa kunidanganya. Sasa nikataze."

Hata jembe halikusikika tena. Lukresia alidhani salio limekwisha. Kisha sauti ikaja, na safari hii ilikuwa na kila kitu ndani yake: ile kebehi, ule mguno wa mwanzo, ile haraka ya kumkata mtu maneno.

"Eti unakuja! Nani kakuita? Umenenepa huko kwa uji wa shule sasa unataka kuja kufia kwangu, nani atakubeba?"

"Nakuja, Dafroza."

"Hauji."

"Mimi ni mkubwa wako, nakuja."

"Mkubwa wa nini? Mkubwa wa kuamsha watoto wa watu? Hauji na hako katoto hakaji. Ukikanyaga hapa nakufukuza na mchi, watu wote waone."

"Huwezi kunifukuza kwetu."

"Jaribu uone! Rudisha mtoto kwa Samwel. Sasa hivi. Mimi nimesema."

Watu wa dukani walimtazama mama mnene aliyekuwa akigombana na simu huku machozi yakimchuruzika mpaka kwenye kola. Lukresia alimwita Jenipher kwa sauti ile ya bwenini, na mtoto akarudi mbio. Akamkung'uta chokaa kwenye gauni, akamwambia kijana asimsubiri.

"Haya, mdogo wangu," alisema kwenye simu. "Leo umeshinda. Siji."

Upande wa pili Tereza akaanza kulia, kwa sauti yake mwenyewe.