Ujumbe Uliotumwa Mara ya Pili

Chama chetu cha mazishi hapa Shimoni zamani kilitegemea miguu. Akifa mtu, mmoja anakwenda kwa wachimba kaburi, mwingine kwa wanawake waoshao maiti, mwingine anavuka maji hadi Mkwiro kuwaambia wa kisiwani. Mie nimetembea sana kwa kazi hiyo, na miguu yangu ilivyo leo ni kwa ajili hiyo, ingawa daktari wa Msambweni anasema ni sukari. Haya, tuyaache ya miguu.

Binti yangu yuko ofisini katika hoteli moja ya Diani. Huko wana programu inayounganisha programu nyingine: mgeni akiandika jina lake mahali pamoja, mpishi anapata habari, dereva anapata habari, wala hakuna aliyenyanyua simu. Akatutengenezea na sisi ya namna hiyo. Katibu wetu akiandika jina la marehemu, ujumbe unakwenda wenyewe kwa wanachama wote. Kompyuta ikawekwa kwangu, si kwa elimu, maana skuli niliiacha nikiwa mdogo, bali kwa kuwa aijuaye ni mwanangu.

Jina la mwisho kuandikwa mle lilikuwa la mke wangu. Aliliandika huyo huyo binti yake. Watu wakaja, tukazika, matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Miezi ikapita. Alfajiri moja akafa bibi wa nyumba ya pili. Katibu akaandika jina, tukangoja, hakuna simu iliyolia. Nikampigia binti yangu. Akaniambia siku nyingine hukwama hivyo, niiendeshe kwa mkono, kuna kitufe chake. Lakini kwanza nitazame jina lililo juu ya kitufe, maana ikiendeshwa kwa mkono huchukua lile la mwisho ililolituma.

Nilimsikia. Na jina nililiona, hata miwani sikuihitaji. Nikakaa nalitazama, na katika kulitazama kidole kikabonyeza. Zaidi ya hapo siwezi kueleza.

Simu yangu ikalia mfukoni. Tunasikitika kuwatangazia kifo cha mama yetu, na jina lake, na mtaa wetu, na kwamba mazishi ni leo baada ya alasiri. Binti yangu naye ni mwanachama. Akapiga, nasikia sahani za hotelini nyuma yake.

"Baba," akasema, "nimeletewa habari ya mama."

"Nimekosea, mwanangu."

"Najua. Sasa lifute, uandike la bibi."

Nikalifuta herufi moja moja. Nikaandika la bibi, nikabonyeza tena, na safari hii wachimba kaburi wakatoka na majembe yao.

Sasa, kuna mwanamke wa Mkwiro, shoga wa mke wangu tangu wasichana. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Niliwasikia mara nyingi uani kwangu wakikuna nazi, mke wangu akimwambia asije akamsugua kama sufuria, na mwenzake akijibu kwamba kwa uchafu ule hana budi. Wanacheka mpaka nazi zinamwagika. Mke wangu alipofariki, mwenzake alikuwa Tanga kwa binti yake aliyejifungua, anatumia laini ya huko, hakuna aliyempata. Amerudi Mkwiro jana yake jioni tu, hajaonana na mtu, kawasha laini ya hapa, na asubuhi akasoma ujumbe wangu wa makosa. Wa pili hakuungoja. Akapanda mashua ya kwanza analia, na wenziwe wakadhani anamlilia bibi, wakampa pole.

Nilimkuta barazani kwangu, kifurushi cha leso mapajani. Ndani mna majani ya mkunazi na karafuu maiti.

"Shemeji, pole," akasema. "Wameshaanza kumwosha?"

Nikakaa chini kando yake. Nikamwambia kwamba tulimzika kabla ya Ramadhani, na kwamba ujumbe wa leo umetoka mkononi mwangu.

Hakunilaumu. Nililitaka neno la lawama, nisiwe mwongo, angalau nijue la kujibu.

"Nani alimwosha?"

Nikamtajia.

"Maji yalikuwa na uvuguvugu? Alikuwa hapendi baridi."

Nikasema sijui, wanaume hatukuingia. Akafungua kifurushi, akakifunga, akakifungua tena. Kisha mwanamke mmoja akaita kutoka nyumba ya pili kwamba majani ya mkunazi hayatoshi. Shemeji akanyanyuka, akaenda nayo.

Wanawake walinisimulia baadaye kwamba alimwosha bibi polepole, kidole kimoja kimoja, anamsemesha, na hakuna aliyemharakisha ingawa wanaume tulikwisha kupanga safu.

Tuliporudi kutoka makaburini alipita mbele yangu akienda gatini, mikono ya kanzu yake bado imelowa. Nikamkaribisha chai.

"Siku nyingine, shemeji. Leo nyumba hiyo siwezi kuiingia."

Akaenda. Nami nikabaki pale barazani hata chai nikanywea nje, maana ndani kweli kulikuwa kama siku ile ya kwanza baada ya kumzika mke wangu.